Dirisha la Tatu

Mita yetu ya umeme ina jicho jekundu,
moja, kwa vyumba sita.
Likianza kupepesa magharibi
kila mlango hutoa mtu,
na kila mtu mkono mfukoni
kama aliyeshika kidonda.
"Nani kachemsha maharagwe kwa koili?"
"Nani alala na feni?"
Mimi kimya. Mimi ndimi mwenye pasi.
Kanzu za Ijumaa, mashati ya walimu,
shilingi ishirini nguo,
na pasi haina siri: ikilamba shati
imelamba tokeni.

Basi nikasema ya umeme nitie nusu, niishi kwa amani.
Nikatia. Ndipo yakaja maji.
Si maji, bili yake:
elfu kumi na nane, mia sita na arubaini,
karatasi ya rangi ya waridi iliyopenyezwa chini ya mlango
kama barua ya posa.
Jina ni langu, kwa kuwa siku ile ya kuunganisha
ndimi niliyekuwa na kitambulisho.
Na mfereji wenyewe wakohoa siku mbili kwa juma,
siku zilizobaki ni mitungi ya Chigulu na mkokoteni wake.
Kiu moja, malipo mawili.

Fundi alikuja na spana, kijana mpole.
"Mama, Jumatatu nakata. Samahani."
Ile samahani ilinilemea kuliko spana.

Nikazunguka Chaani yote.
Kwa chifu nikapewa barua ya kuthibitisha sina kitu;
mhuri, mia mbili.
Kamati ya zaka wakauliza, "U mjane?"
Nikasema mume yupo, yuko Lunga Lunga, yupo kwa jina.
Wakasema, wajane kwanza.
Nikatoka nisijue naomba msaada
ama naomba msiba.
Ofisi ya wadi, fomu zimekwisha.
Kwenye chama, Kadzo akafungua kibati:
elfu tatu na mia mbili, zamu ya Nyevu,
na mtoto wa Nyevu yuko wodini.
Kibati nilikifunga kwa mkono wangu mwenyewe.

Mwomba chumvi huombea chunguche, alikuwa akisema mama.
Chungu changu kilikuwa kishaanza kunuka moshi.

Ofisi ya maji.
Dirisha la kwanza: "Lipa yote."
La pili halina mtu, sweta tu juu ya kiti.
Nimeshageuka, binti anayepiga deki
akaninong'oneza bila kuinua uso:
"La tatu. Na usiseme naomba.
Sema nataka kulipa kwa awamu."

Nikasema, kama mtoto anayesoma ubaoni.
Bwana Mwachiro akavua miwani, akaivaa.
"Miezi kumi na miwili?"
Akaandika. Akagonga mhuri. Bure.
"Na mkaangalie bomba la nyuma, hizi namba zavuja."
"Jambo hili lipo tangu lini?"
"Siku zote."
"Mbona hamlibandiki ukutani?"
Tukautazama ukuta sote wawili.
Palikuwa na kalenda ya mwaka jana.
"Watu hawaulizi," akasema, taratibu,
kama mtu anayejisikia akisema.

Nauli niliiweka akiba, nikavuka Makupa kwa miguu,
jua la utosi, karatasi kifuani
ikilowa jasho. Sikuwa tajiri.
Bado nadaiwa elfu kumi na nane, mia sita na arubaini,
ila sasa deni lina ngazi.

Usiku mlango ukagongwa.
Saumu wa nyumba ya pili, kasimama na kanga ya kulalia,
mkononi karatasi ya waridi, imekunjwa mara mbili.
Hakusema neno. Aibu haina haja ya salamu.
"La tatu," nikamwambia. "Ingia.
Nikufundishe la kusema."

Akalirudia mara nne, sauti ikimpanda.
Kisha tukanyamaza, na katika ule ukimya
tukasikia nyuma ya ukuta: tone. Tone.
Nikachukua simu, nikawasha tochi.
Betri asilimia sita.
"Twende upesi," nikasema.